Mfuko wa Urea Ulikwenda Wapi?

Maneno haya niliyasema mbele ya wakulima waliotoka Kabare na Walungu pamoja na waoka mikate wa mjini, katika ukumbi mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, na maswali machache ya wasikilizaji nimeyaacha humohumo yalipoulizwa.

Wapapa na wamama, jambo kwenu. Mtaniwia radhi, leo sianzi na salamu za wakubwa, naanza na pua. Nataka mtu mmoja mwenye pua nzuri aje hapa mbele. Muoka mikate atafaa zaidi, maana yeye anaijua hamira iliyoharibika kwa kunusa tu. Karibu, Papa.

Mezani kuna chupa tatu, hizi kubwa za mayonezi. Zote zina udongo uleule mwekundu. Niliuchota shambani kwangu Kabare Jumanne jioni, nikaulowesha kidogo, kama unavyokuwa siku ya pili baada ya mvua. Chupa ya kwanza ina udongo mtupu. Ya pili nimenyunyiza juu kijiko kimoja cha urea, ile mbolea nyeupe ya dukani. Ya tatu ina kijiko kimoja vilevile, ila nimekifukia chini kina cha vidole vinne. Nikazifunga, zikakaa dirishani jikoni mpaka leo Ijumaa. Fungua ya kwanza, Papa.

"Udongo tu."

Na ya tatu?

"Udongo. Labda kuna harufu kidogo, sina hakika."

Haya, ya pili.

(Papa alirudisha kichwa nyuma, akafunika pua kwa mkono mzima. "Mama, hiki ni choo!" Ukumbi ukacheka, na wamama wawili wa mstari wa mbele wakaomba nao wanuse.)

Ni choo kweli, Papa hajakosea. Urea ni kitu kilekile kilichomo kwenye mkojo wa mtu na wa ng'ombe, tofauti ni kwamba hii imetengenezwa kiwandani na kukaushwa ikawa punje nyeupe. Ndani ya udongo kuna kimeng'enya kinachotoka kwa vijidudu na mabaki ya mimea, na kazi yake ni kuivunja urea. Ikivunjika hutoa amonia, hiyo iliyompiga Papa puani. Ikivunjikia chini, maji na udongo wa mfinyanzi vinaidaka kabla haijatoka. Ikivunjikia juu, hakuna wa kuidaka. Na harufu hiyo mmeinunua kwa pesa yenu. Mmeilipia dukani, mmeilipia lori lililotoka bandarini Mombasa au Dar es Salaam, mmeilipia mpakani, mmemlipa na kijana aliyeipandisha kilimani mgongoni. Halafu jua la siku tatu linaibeba bure.

Ninayasema haya bila kumcheka mtu, kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya hivyo, tena nikiwa nimeshasoma na watu wameshaanza kuniita Mama Agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo. Mwaka wangu wa kwanza wa ngano nilikuwa na ari 20, yaani sehemu ya tano ya hekta. Nilipanda mwezi wa tatu, msimu B, yaani msimu wa pili wa kilimo, nikitaka ngano ikauke vizuri kiangazi kikiingia mwezi wa sita. Mfuko wangu wa urea wa kilo 50 niliumwaga wote siku ya kupanda, juu juu, kwa mkono, kama mtu anayewapa kuku mahindi. Sababu zangu? Mbebaji alikuwa anapatikana siku ile tu. Na muuza duka alikuwa ameniambia: "Weka yote, itajipanga yenyewe." Ikafuata siku tano za jua kali, halafu mvua za mwezi wa nne mnazozijua.

Mwanzoni ngano ilikuwa kijani cha kujivunia, wapita njia wakinisifu. Mwezi wa tano ikaanza kupauka, majani ya chini kwanza, umanjano ukitoka nchani na kuingia katikati ya jani. Nilivuna viroba vinne vya kilo mia. Mzee jirani yangu, ambaye hakuweka kitu kwenye shamba lake isipokuwa samadi ya mbuzi, aliviangalia vile viroba, akaniangalia na mimi, akauliza kwa upole tu: "Mama Agronomu, ule mfuko wako ulikwenda wapi?"

Usiku ule nilikaa na kalamu. Tuhesabu pamoja, maana hesabu yenyewe ni fupi. Urea ina nitrojeni, kile chakula cha mmea kinachotoroka ndani ya amonia, asilimia 46, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Punje za ngano zina nitrojeni kama asilimia mbili, kwa hiyo kilo 400 za punje zilikuwa na kilo nane. Mabua yaliyobaki shambani niliyakadiria kilo 600, na ndani yake kuna nitrojeni kama kilo tatu. Nane na tatu ni kumi na moja. Hata tukisema kila gramu ya hizo kumi na moja ilitoka mfukoni mwangu, na huo ni uongo, kwa sababu udongo wenyewe nao unatoa nitrojeni kila mwaka, bado kilo 12 hazina maelezo. Zaidi ya nusu ya mfuko.

Baadaye nikaona kwamba aibu ile si ya peke yangu. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma kule Marekani, William Raun na Gordon Johnson, walipiga hesabu ya nafaka za dunia nzima wakapata kwamba nitrojeni inayoingia kwenye punje ni kama asilimia 33 tu ya ile inayowekwa shambani. Na humo wamo hata watu wenye matrekta na ripoti za hali ya hewa. Kwa hiyo mzee wangu alikuwa ameuliza swali ambalo vyuo vikuu vinaulizana.

Njia ya kwanza ya kutoroka mmeinusa. Ya pili haina harufu, na kwetu huku nadhani ndiyo inayotuibia zaidi. Amonia iliyodakwa chini hugeuzwa na bakteria kuwa nitrati. Ngano inaipenda nitrati, inainywa haraka kuliko kitu chochote. Lakini udongo hauna mkono wa kuishika. Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi, na nitrati nayo ina chaji hasi, kwa hiyo zinakimbiana. Popote maji yanapokwenda, nitrati inafuata. Mvua ya mwezi wa nne ikipiga kilima, nitrati inashuka chini ya mizizi michanga yenye urefu wa kidole, na haipandi tena. Mwisho wake ni kwenye chemchemi bondeni, halafu ziwani.

Kosa langu lilikuwa kwenye kalenda. Mche wa ngano wa wiki tatu ni mtoto wa kunyonya. Amewekewa sahani ya mtu mzima, hawezi kuimaliza, na usiku mvua inakuja kuosha vyombo. Ngano huchukua nitrojeni kidogo sana mpaka inapoanza kutoa vichipukizi pembeni ya shina. Sehemu kubwa ya nitrojeni yake yote huichukua kati ya hapo na kutoa maua. Kwa hiyo siku hizi nafanya hivi: siku ya kupanda naweka kidogo tu, theluthi moja au pungufu, na mara nyingi hiyo inatosha kutoka kwenye mbolea ya fosforasi yenye nitrojeni ndani yake. Sehemu kubwa naiweka vichipukizi vinapotoka na shina linapotaka kunyanyuka, kwenye mfereji mdogo pembeni ya mstari, nikifukia kwa jembe palepale. Kama kufukia hakuwezekani, basi nasubiri wingu. Wingu la kweli, hilo linalotoka upande wa mlima Kahuzi na kuifanya mbuzi itafute ukuta. Mvua ya milimita kumi au kumi na tano inatosha kuiingiza urea ardhini.

Kupanda kwa mistari ndiyo sharti la yote hayo. Anayemwaga mbegu ovyo hawezi kurudi kufukia mbolea pembeni ya mstari, kwa sababu mstari haupo.

Mtu mmoja ataniambia: basi niongeze tu, ikipotea nusu nitie mara mbili. Hapana. Ngano ndefu ya zamani ukiishindilia nitrojeni inarefuka, inakuwa laini, na upepo wa kwanza unailaza chini kama mkeka. Ndiyo maana Norman Borlaug alipokuwa Mexico alitumia mbegu zenye damu ya ngano fupi kutoka Japani, ili shina lihimili kichwa kilichojaa. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970. Watu husema alileta mbegu za ajabu. Mimi naona alileta miguu mifupi.

Njia nyingine za kutoroka nazipita haraka. Kwenye mabonde yanayotuama maji, bakteria waliokosa hewa hugeuza nitrati kuwa gesi, na moja ya gesi hizo inaongeza joto duniani mara 273 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Na kwenye miteremko udongo wenyewe unaondoka na kila kitu kilichomo. Mwenye shamba la kilimani asiye na mstari hata mmoja wa majani ya tembo au kaliandra kukata mteremko, mbolea yake anailipia samaki wa Ziwa Kivu. Hilo mmefundishwa na kila mradi uliopita hapa, sina la kuongeza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halinusiki wala halionekani, na ambalo wauza duka hawalisemi. Urea mnayoiweka kila mwaka inaufanya udongo kuwa mchachu.

Bakteria wanapogeuza amonia kuwa nitrati, wanaacha asidi nyuma yao. Kila kilo moja ya nitrojeni ya urea inahitaji, kwa kipimo cha kawaida, kilo 1.8 za chokaa ya kilimo kuisawazisha asidi yake. Kwa mfuko mmoja wa kilo 23 za nitrojeni, hiyo ni chokaa kama kilo 41. Kwa salfati ya amonia, mbolea nyingine ya nitrojeni, ni mbaya zaidi, mara tatu ya hapo kwa kila kilo ya nitrojeni. Haya, mkono juu, nani amewahi kununua mfuko wa urea akanunua na chokaa ya kuifuata?

(Hakuna mkono ulioinuka. Ulikuwepo mmoja nyuma, lakini yule alitaka kuuliza choo kiko wapi.)

Kule Rothamsted, kaskazini ya London, kuna majaribio ambayo kila agronomu anayaheshimu kama Muislamu anavyouheshimu msikiti wa kale. Mwaka 1843 John Bennet Lawes na mwenzake Joseph Henry Gilbert walianza kupanda ngano kwenye shamba liitwalo Broadbalk, na mpaka leo ngano inapandwa palepale. Nitalirudia. Ila mwaka 1856 walianza lingine la majani ya malisho, Park Grass. Vipande vilivyopewa salfati ya amonia mwaka baada ya mwaka bila chokaa vilishuka pH, kipimo ambacho kikishuka uchachu umezidi, hata chini ya 4. Majani mengi yakafa, yakabaki machache ya ukaidi, na juu ya ardhi ukajengeka mkeka wa majani makavu yasiyooza, kwa sababu hata minyoo ilikuwa imehama.

Udongo wetu mwekundu wa Kabare na Walungu tayari ni mchachu kabla hujaweka chochote. Umeoshwa na mvua miaka na miaka, kalsiamu na magnesiamu vimekwenda, vimebaki chuma na alumini. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini inaanza kuyeyuka na kuingia kwenye maji ya udongo, na alumini iliyoyeyuka ni sumu kwa mizizi. Ngano ni mwoga kwa hilo. Mihogo inavumilia, chai inafurahia, ngano inakunja mkono. Ng'oa shina moja lenye ugonjwa huu uoshe mizizi kwenye beseni: utaiona mifupi, minene, ya kahawia nchani, haina zile nywele nyembamba. Niliwahi kumwonyesha mkulima mmoja mizizi ya namna hiyo, akaniambia inafanana na vidole vya mtu aliyeungua. Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo.

Mmea wenye vidole vilivyoungua hauwezi kushika mbolea hata ukiilalia. Mkulima anaona njano, anaongeza urea, asidi inaongezeka, mizizi inaungua zaidi, njano inazidi. Nimeona mashamba yaliyoingia kwenye duara hilo, na wenye mashamba wakalalamika kwamba mbolea ni ya bandia. Labda nyingine ni ya bandia, sikatai. Lakini nyingi ilikuwa urea halali kabisa.

Mama mmoja ananiuliza kuhusu majivu. Swali zuri, Mama. Majivu ya kuni yana kalsiamu na potasiamu, na yanapunguza uchachu kama chokaa, ila nguvu yake ni pungufu, kwa hiyo unahitaji mengi. Mji huu unapika kwa makaa kila siku, na majivu yanakwenda kwenye mtaro. Yachukueni. Lakini msiyachanganye na mbolea ya amonia, wala chokaa msiichanganye. Mkichanganya mnarudia chupa ya pili ya Papa hapo mezani, tena kwa haraka zaidi. Chokaa au majivu yaingie kwanza, wiki kadhaa kabla ya kupanda, yalimiwe ndani.

Fosforasi, chakula kingine cha mmea, ina tabia ya kinyume kabisa. Nitrati ni mzururaji, fosforasi ni mlinzi aliyefungiwa ndani. Haiendi hewani, haishuki na maji, na kutoka pale ulipoiweka haisogei zaidi ya sentimita chache. Tatizo lake ni chuma na alumini za udongo mwekundu, zinaishika na kugoma kuiachia. Msimu wa kwanza ngano inaweza kupata sehemu ndogo tu, moja kati ya kumi, mbili kati ya kumi ukibahatika. Ndugu zetu wa Goma na Masisi wanadhani wamepona kwa kuwa udongo wao ni mweusi, umetoka volkeno, lakini majivu ya volkeno yakiisha kuoza yanatoa madini yanayoishika fosforasi kwa ukali uleule, pengine zaidi.

Dawa yake ni kutoitawanya. Ukiimwaga shamba zima, kila chembe inakutana na udongo wake wa kuishika. Ukiiweka kwenye mfereji mwembamba karibu na mbegu, ule udongo mchache unaoizunguka unashiba, na kinachozidi kinabaki cha mmea. Kwa wanaotumia DAP, ile mbolea ya fosforasi yenye nitrojeni, mfuko mmoja wa kilo 50 una nitrojeni kilo 9 na fosforasi, kwa namna inavyoandikwa mfukoni, kilo 23. Ile 18-46-0 maana yake ni hiyo. Ila mbegu isiiguse mbolea, mbolea iwe pembeni ya mbegu kidogo au chini yake, vidole viwili, la sivyo amonia inaichoma changa. Na mnaponunua 17-17-17, ambayo ndiyo huonekana zaidi hapa kwetu, mjue mfuko mzima una kilo nane na nusu tu za kila kimoja: nitrojeni, fosforasi na potasiamu. Wengi wanalinganisha bei ya mfuko kwa mfuko. Ni sawa na kulinganisha bei ya kopo la sukari na kopo la chai kwa sababu makopo yanafanana.

Potasiamu, chakula cha tatu cha mmea, nitaisema kwa sentensi chache, kwa kuwa kosa ni moja: mabua. Nitrojeni na fosforasi nyingi za ngano huondoka na punje, lakini potasiamu nyingi inabaki kwenye mabua. Anayeyauza kwa watengeneza magodoro au kuyapeleka kwa ng'ombe wa mtu mwingine anauza potasiamu ya shamba lake bila kujua. Anayeyachoma palepale anabakiza potasiamu kwenye majivu, lakini nitrojeni na salfa zinapanda na moshi. Yakatekate, yarudi ardhini, au yapite kwa ng'ombe wako mwenyewe halafu samadi irudi.

Samadi, ndiyo, nilisema nitarudi Broadbalk. Kuna kipande kule kinachopewa tani 35 za samadi kwa hekta kila mwaka tangu mwanzo. Kuna vipande vinavyopewa mbolea ya viwandani tu. Na kuna kipande ambacho hakijapewa kitu, na mpaka leo kinatoa kama tani moja ya ngano kwa hekta, kwa hiyo udongo haufi upesi kama tunavyotishana. Mavuno ya samadi na ya mbolea iliyopimwa vizuri yamekaribiana kwa muda mrefu. Kilichotofautiana ni udongo: wa samadi una mboji zaidi ya maradufu ya ule wa mbolea tupu. Na mboji kwetu ni muhimu kuliko kwa Waingereza, kwa sababu udongo wetu mwekundu hauna nguvu nyingi ya kushika kalsiamu na potasiamu bila mboji, na mboji hiyohiyo inaifunga alumini isidhuru na kuizuia fosforasi isishikwe yote. Nyinyi mnalijua hili bila Rothamsted. Nendeni chini ya migomba karibu na nyumba, pale maganda, majivu na samadi vinapotupwa tangu enzi za babu. Udongo ni mweusi. Hatua hamsini kuelekea juu, wekundu. Kilima kimoja, mvua moja, mwamba mmoja.

Tani 35 kwa hekta hamtazipata, hata mimi sina. Mwenye kidogo akiweke kwenye mfereji pamoja na mbolea ya duka, vinasaidiana. Na rundo la samadi lifunikwe kwa majani ya migomba. Rundo linalonuka kule nyuma ya nyumba ni chupa ya pili tena.

Waoka mikate nimewaacha wakae kimya kwa muda mrefu, na bila shaka wanajiuliza waliitwa kwa nini. Mmekuwa mkituambia kwamba unga wa ngano ya milimani haufumuki, mkate unakaa kama tofali. Ni kweli, na sehemu ya jibu iko kwenye mbolea. Kinachoshikilia hewa ndani ya donge ni gluteni, gluteni ni protini, na protini ya ngano unaipata ukizidisha nitrojeni ya punje kwa 5.7. Ngano yangu ya ule mwaka wa aibu, yenye nitrojeni asilimia mbili kasoro, ilikuwa na protini kama asilimia 11, ndiyo mpaka wa mkate. Wenzangu wengine walikuwa na tisa. Hiyo ni ya mandazi na chapati, si ya mkate wa kufumuka. Nitrojeni inayowekwa mapema inaongeza idadi ya masuke. Ile kidogo inayowekwa masuke yanapochungulia inaongeza protini kuliko kilo. Na salfa nayo inahitajika, kwa sababu nyuzi za gluteni zinashikana kwa salfa, na urea na DAP hazina salfa ya kutegemea.

Lakini niseme wazi, tena mbele yenu wote wawili. Mkulima hataweka mbolea ya mwisho, akapoteza siku na mgongo, kwa ajili ya protini ambayo hailipwi. Akipeleka kiroba kizito chenye tisa na kiroba kizito chenye kumi na mbili, mnalipa bei moja. Mnapima kwa mizani na kuonja kwa kidole. Siku mtakapotofautisha bei, hamtahitaji mtu kama mimi kuja kuhubiri. Mpaka hapo, mtaendelea kununua unga uliovuka bahari, na bei yake mnaijua, tangu vita vya Ukraine vya mwaka 2022 kila mmoja hapa alipunguza ukubwa wa mkate.

(Hapa palikuwa na kelele kidogo. Papa wa pua alisema wao pia hawana kipimo cha protini. Nikamwambia kuna njia ya zamani: fanya donge dogo la unga na maji, liache lipumzike, halafu liosheni polepole kwenye bakuli mpaka wanga uishe. Kinachobaki mkononi, kile kinachovutika kama ubani, ndiyo gluteni. Pima hicho. Hakihitaji umeme.)

Jambo la vitendo kabla sijakaa. Udongo upimwe. Mtakaochota sampuli, msichote pahali pamoja. Tembeeni shambani kwa kupindapinda, mchote sehemu kumi na tano au ishirini, kina cha sentimita ishirini, mkwepe pale palipochomwa majani au palipolala ng'ombe. Changanyeni kwenye ndoo safi, msitumie ndoo ya mbolea tafadhali, niliwahi kupata majibu ya shamba lenye utajiri wa ajabu, kumbe mwenye nalo alichanganyia kwenye ndoo ya DAP. Chukueni nusu kilo, mkaushe kivulini. Na maabara waulizeni wametumia njia gani kupima fosforasi, maana ile ya Olsen ilitengenezwa kwa udongo wenye chokaa, na ile ya Bray kwa udongo mchachu kama wetu. Namba bila jina la njia haina maana. Asiye na pesa za maabara apime pH tu. Hiyo peke yake itamwambia kama anahitaji urea au chokaa kwanza.

Naona mzee kule nyuma amesimama.

"Mama Agronomu, umeongea mifuko, mifuko. Na sisi tusio na mfuko hata mmoja?"

Mzee wangu, asante. Basi panda maharagwe yanayopanda miti, au soya, msimu A, halafu ngano msimu B palepale. Mizizi ya jamii ya kunde ina bakteria wanaotega nitrojeni ya hewani bila duka. Ukivuna using'oe, kata juu ya ardhi, mizizi ibaki. Nayo pia inataka fosforasi kidogo na uchachu uliopungua, kwa hiyo majivu usiyaache. Na kuna mfuko ulio nao nyumbani. Mtu mzima mmoja hutoa kwa mwaka nitrojeni kama kilo nne, na sehemu kubwa iko kwenye mkojo. Mnacheka. Watu wazima sita wa nyumba moja wanakaribia ule mfuko wangu wa urea. Kusanya kwenye bido lenye kifuniko, liache limefungwa wiki kadhaa, uchanganye na maji, umwage kwenye mfereji, ufukie.

"Kufukia tena?"

Kufukia, mzee. Uliza Papa hapa.

Tulipomaliza, watu walikuja mezani kunusa kila mmoja kwa zamu, watoto waliokuwa mlangoni wakarudi mara ya pili na ya tatu. Chupa ya kwanza na ya pili nilirudi nazo Kabare. Ya tatu, ile iliyofukiwa, mama mmoja wa Walungu aliiomba, akaifunga kwenye kitenge, akasema haoni sababu ya kuiacha wakati migomba yake ipo.